Pamoja na Maelezo ya Msemaji

Ukumbi ulikuwa umeanza kunuka makoti yaliyolowa theluji
waliponijia, mmoja mmoja, wakifunga mikoba:
"Ermek, slaidi utatutumia lini?"
Nami, mtu wa nyaya na projekta,
ninayeijua kila soketi ya jengo lile la Bishkek kwa ila zake,
nikasema: leo. Kabla hamjapanda ndege.

Slaidi zilikuwa za Daktari Burulcha Osmonova,
arobaini na moja, juu ya mto wa barafu uliomlea.
Nasema uliomlea; neno jingine sina.
Babake alipigilia miti ya vipimo kule juu
na yeye, mtoto wa miaka saba, alimshikia daftari.

Asubuhi faili lake lilikuwa limetuaibisha.
Kompyuta ya ukumbini haikuzijua herufi za Kikirgizi,
kila ө ikageuka kijisanduku kitupu,
majina ya milima yakawa vinywa vyenye mapengo.
Ndiyo maana nikachagua PDF.
PDF haiazimi fonti kwa jirani.
Hufungasha chote ndani, herufi, rangi, pambizo;
ifungue Lahore, ifungue Oslo, ni ile ile.

Ila hutoza.
Kwenye slaidi ya tisa barafu ilikuwa ikitembea:
ukibonyeza, mwaka unapita, ulimi mweupe unarudi nyuma,
ukibonyeza, unarudi tena,
mpaka jiwe jeusi linabaki peke yake likitazama watu.
Ndani ya PDF miaka yote ikapandana.
Sitini na nane juu ya themanini na tano juu ya mwaka jana,
barafu ipo na haipo,
jiwe limezikwa na liko wazi.
Nikaikodolea macho. Sikujua nirekebishe nini.

Na nilikuwa na haraka.
Haraka ile isiyo na baraka ilikuwa na kisanduku kimoja
kilichokwisha tiwa alama ya vema, nisikione:
*pamoja na maelezo ya msemaji*.
Megabaiti kumi na nne. Watu sitini na watatu.
Maji yakimwagika hayazoleki.

Saa tatu usiku nikaifungua kwenye simu, nikila samsa iliyopoa.
Chini ya kila slaidi, maneno yake kwa herufi ndogo:

*2. Taja wafadhili. Tabasamu.*
*6. Polepole. Ukifika hapa huwa unakimbia.*
*9. Hesabu moja mpaka tano kabla ya kubonyeza.*
*17. Kunywa maji.*
*23. Mti wa kipimo namba nne. Usiseme nani aliupigilia.*
*Ukisema, hutamaliza.*

Alimaliza. Nilikuwepo, nyuma kabisa, kidole kwenye swichi ya taa.
Kwenye ya ishirini na tatu alikunywa maji tena.
Nilidhani ni koo.

Kulipokucha nikasimama mlangoni pake, kofia mkononi.
"Nitatuma nyingine. Nitawaomba waifute ile."
Hakugeuka. Alikuwa akisoma majibu.
Mmoja analalamika: grafu ya kumi na mbili haina vipimo pembeni.
Severina, wa La Paz, kaandika mstari mmoja tu:
*Yangu ya mwisho inasema, usitazame dirishani.*

Burulcha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta,
muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.
"Ile ya tisa," akasema, "ipasue.
Kila mwaka na ukurasa wake.
Anayetaka kuiona ikirudi nyuma, aifunue kwa kidole chake mwenyewe."
"Na maelezo?"
Akanyamaza. Redieta ikagonga mara mbili ukutani.
"Yaache. Ila kwenye ya ishirini na tatu futa yote, andika:
Osmon. Nyundo ilikuwa ya kuazima."

Nikaandika. Nikapasua barafu kurasa kumi na moja.
Nikatafuta lile kisanduku, nikaliona, vema yake ipo.
Moja.
Mbili.